Jino la Tarumbeta

Msomaji mpendwa, kabla hujaendelea kusoma, hebu pitisha ulimi nyuma ya meno yako ya mbele, yale mawili mapana ya juu. Yapo? Hayalegei? Basi mshukuru Maulana, kisha keti kitako nikusimulie yaliyonipata mimi mwenzako kwa kuyachezea yale yangu. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi sikudharau mwiba, nilidharau jino, na kilichoota tende ni mdomo.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye arusi ya binamu yangu, hapa hapa Ikonge, likizo ya Desemba nikiwa nimemaliza kidato cha kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha, hema limejaa maji juu likaning'inia kama tumbo la ng'ombe, na kreti za soda zimepangwa nyuma ya nyumba. Kifungulio kilikuwa kimoja, nacho kimepotea. Si unajua vijana tulivyo? Nikajitokeza kifua mbele nikasema, "Leteni hapa, opena ni mimi." Nikafungua ya kwanza kwa meno, tiki! Ya pili, tiki! Wasichana wa upande wa bi arusi wakaanza kutazama, na hapo ndipo akili iliponiruka yote. Kwenye chupa ya nane nikasikia mlio wa namna nyingine, kach! Kipande cha jino, kidogo kama punje ya mchele, kilikatika nikakimeza pamoja na soda. Jino likauma siku mbili, likanyamaza. Nami nikanyamaza. Nyumbani hakuna aliyeambiwa.

Laiti ningalijua kwamba jino linaweza kunyamaza kwa sababu limekufa!

Mwaka uliofuata tarumbeta zikaja shuleni. Zilikuwa nne, za mitumba, moja imebonyea kama sufuria ya hoteli. Mwalimu wa muziki alitupanga foleni akatukagua midomo na meno jinsi wazee wanavyokagua ng'ombe mnadani. Tulicheka mpaka tukafukuzwa. Alipofika kwangu akauliza, "Hili lilivunjika?" Nikajibu, "Kidogo tu, Mwalimu." "Linauma?" "Haliumi." Huo haukuwa uongo. Nikapewa ile iliyobonyea.

Asiyejua hudhani tarumbeta ni kupuliza tu. Puliza utakavyo, utatoa upepo. Mrija wake ukinyooshwa unakaribia mita moja na nusu, na ndani yake hamna kitu kinacholia. Kinacholia ni midomo yako mwenyewe. Unaifumba, unaibana kwenye pembe, unaisukumia pumzi mpaka itetemeke kama ya mtoto anayeigiza lori likipanda mlima. Ile noti ya la ambayo wanamuziki huitumia kupatanisha ala zao ni mitetemo 440 kwa sekunde moja, yaani midomo imefunguka na kufumba mara 440 kabla hujamaliza kusema "Tuko Ikonge". Vile vitufe vitatu vya juu kazi yake ni kuurefusha mrija na kuishusha sauti, basi. Bila kubonyeza kitufe hata kimoja mtu hupata noti kadhaa, na ni midomo inayochagua ni ipi.

Sasa midomo ni nyama, na nyama haiwezi kubanwa na shaba bila ukuta nyuma yake. Ukuta huo ni meno ya mbele. Kile kidude cha kuwekea mdomo, ambacho bendini tunakiita kikombe, hukaa juu ya midomo. Midomo huegemea meno. Meno yameshikwa na mfupa wa taya. Ukitaka noti za juu nayo midomo imechoka, mkono huivuta tarumbeta usoni bila hata kuulizwa. Mwalimu alikuwa akipita nyuma yetu akirudia, "Msisukume! Msisukume!" Mimi nilikuwa nasukuma. Noti za juu zilikuwa zangu, bendi nzima ilinitegemea kwazo, na nilizipata kwa nguvu za mkono. Nilijiona simba.

Wakati huo jino lilikuwa limeanza kubadilika rangi, kwanza manjano, kisha kijivu. Wenzangu wakanipa jina la Jivu. Nilicheka nao, nikajifunza kutabasamu mdomo umefumbwa.

Ikafika Juni ya kidato cha tatu. Bendi yetu ilikuwa imepita hatua za mwanzo za Tamasha la Muziki la Kenya, lile lililoanzishwa mwaka wa 1927, na tulikuwa tumebakiza majuma matatu kwenda ngazi ya kaunti. Asubuhi moja niliamka mdomo wa juu umevimba, nikatazama kioo nikamwona kiboko. Ufizi juu ya lile jino la kijivu ulikuwa na kipele cha usaha. Nikagusa kikombe cha tarumbeta mdomoni, mara moja tu. Wacha! Niliona nyota mchana.

Tata akanipeleka kwenye kliniki fulani ambayo siitaji. (Kwa wasomaji mliotoka mbali: kwetu baba ni "tata", na "baba" ni mama. Mgeni akiitwa kwa "baba" jikoni asishangae.) Mtu wa kliniki alinitazama sekunde tano akasema, "Ling'olewe. Kesho atakuwa anatafuna mahindi." Simlaumu sana. Ndivyo watu wengi wanavyotibiwa meno hapa, na hata gego la mama yangu liliondoka hivyo. Kung'oa ni rahisi, maumivu huisha siku hiyo hiyo, na bei yake inalipika kwa majani ya chai ya juma moja.

"Basi ling'olewe," Tata akasema.

"Tata, nitapigaje tarumbeta?"

"Tarumbeta ndiyo inayokulipia karo?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina. Tulirudi nyumbani ili jino litolewe siku ya pili uvimbe ukipungua, na jioni hiyo ndipo Sokoro alipoingia katika habari hii.

Sokoro wangu, yaani babu, ni mpigaji wa obokano, ile ala yetu kubwa ya nyuzi nane inayonguruma kama radi ya mbali. Meno yake ya mbele ya juu yaling'olewa zamani, mimi sijazaliwa. Alimsikiliza Tata mpaka mwisho, kisha akasema kitu ambacho hakuna aliyekijua nyumbani, hata Magokoro, nyanya yangu, aliyekuwa ameketi pale pale akichambua mboga.

"Mimi nilikuwa na mluzi," alisema. "Mluzi wa kuvuka mto. Nikiwa ng'ambo hii nikipiga, ng'ombe wa ng'ambo ile wanarudi peke yao. Waliponing'oa haya mawili, mluzi ukaenda nayo. Nikapuliza, hewa tu. Ng'ombe wakanitazama kama mgeni. Mwaka huo nilipata fimbo, na tangu hapo nimewachunga kwa fimbo."

Tata akasema, "Lakini obokano unapiga."

"Obokano haidai meno. Ila kuimba kunadai. Mbona huwa mnacheka nikiimba?"

Ni kweli, tulikuwa tukicheka. Maneno yenye "s" na "f" humtoka Sokoro yakiwa yamejaa upepo. Nilijihisi mdogo kama siafu.

Hapakuwa na uamuzi usiku huo. Asubuhi Tata alisema tutakwenda Kisii kwa daktari wa meno, kusikiliza tu. Tukapanda matatu, Chebilat, Keroka, mpaka Kisii mjini, mimi nimefunika mdomo kwa sweta ya shule. Daktari alikuwa mama mmoja mpole mwenye maswali mengi. Alinipiga picha ya eksirei akatuonyesha. Jino lilikuwa zima kwa umbo, isipokuwa ile pembe niliyoimeza arusini, lakini kwenye ncha ya mzizi palikuwa na kivuli cha duara.

"Ulianguka?" aliuliza.

Nikamtazama Tata, nikatazama sakafu, nikasema, "Nilifungua soda."

"Ngapi?"

"Nane."

Tata hakusema neno. Ningependelea angesema.

Daktari alitueleza kwamba ndani ya jino mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kishindo kama kile chaweza kuiua bila jino kuanguka. Nyama iliyokufa huoza humo ndani polepole, na vijidudu huteremka hadi kwenye ncha ya mzizi na kuula mfupa. Nami kila siku nilikuwa naja na kikombe cha shaba kuligandamiza jino lile lile! Kuhusu kung'oa, alisema ingewezekana, ila mfupa uliolishika jino hunywea likiondoka, na mdomo uliozoea kuegemea pale hukuta shimo. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua yapo, lakini aliyevaa huyaona yakicheza akipuliza. Njia ya pili ilikuwa kulitoboa jino kwa nyuma, kuitoa ile nyama iliyooza, kuusafisha mzizi kwa dawa, kisha kuujaza. Safari tatu. Bei yake sitaiandika hapa. Nitasema tu kwamba ilikuwa bei ya ndama.

Na ndama alikuwapo. Lakini alikuwa amewekewa karo ya dada yangu ya muhula wa tatu.

"Bonasi ya chai ni Oktoba," Tata alisema tulipokuwa tukingoja matatu, kana kwamba anazungumza na barabara. "Jino ni Juni."

Ndama aliuzwa Jumamosi iliyofuata. Dada yangu hakununa. Alisema tu, "Na uicheze hiyo kitu vizuri basi," akaenda kuchota maji. Bonasi ilipokuja, karo yake ililipwa kwanza kabla hata ya sukari, lakini alikuwa amekwisha kukaa nyumbani siku kumi na moja muhula ule. Nazijua kwa sababu nilizihesabu.

Katika safari ile ya kwanza daktari alilifungua jino, usaha ukatoka, na uchungu ukapungua papo hapo. Safari ya tatu aliujaza mzizi kwa kitu kama mpira mgumu wa rangi ya waridi. Kinaitwa gutapacha, na hutokana na utomvu wa miti ya Kusini-mashariki mwa Asia. Nikawaza, mti wa huko mbali umekuja kulala ndani ya mdomo wa Mgusii! Akaniamuru nisiguse tarumbeta mpaka aniruhusu. Tamasha likawa limenipita.

Nafasi yangu ilichukuliwa na msichana wa kidato cha pili, mwembamba, mpole, ambaye nilikuwa namwona si kitu. Nami niliandamana nao nikiwa mbeba mabegi. Zilipofika noti za juu nikafumba macho nikingoja zipasuke. Hazikupasuka. Zilitoka laini kama uzi wa hariri, na nilipofumbua macho nikaona kikombe kimekaa mdomoni mwake kwepesi, kama kipepeo juu ya ua. Hakuwa akisukuma hata kidogo. Walipata nafasi ya pili. Mimi nilipata somo, japo lilinichoma rohoni kuliko jino.

Wakati huo wa kukatazwa, Mwalimu alinipa vitabu na hadithi ili nisikae kama yatima. Nikajua kwamba mwaka wa 1939 Mmarekani mmoja, Strayer, aliyekuwa mwanamuziki kabla ya kuwa daktari wa kunyoosha meno, alizigawa ala za kupulizwa katika makundi manne kulingana na zinavyokaa mdomoni. Tarumbeta na jamaa zake wa shaba huligandamiza jino kwa mbele. Klarineti huingia ndani, meno ya juu yakaikanyaga, na mdomo wa chini ukakunjwa juu ya meno ya chini kama godoro, kwa hiyo mpigaji mwenye jino la chini lililochongoka hujikata kila siku. Filimbi ya kulazwa hutegemea kidevu na mdomo wa chini. Ala za mwanzi wa midomo miwili ni kundi lake peke yake, na hapo nikawakumbuka wapiga nzumari wa Pwani. Wao mwanzi wote huingia kinywani, midomo ikakaa juu ya kile kisahani, mashavu yakavimba kama mfuko, na mtu huvuta pumzi kwa pua huku sauti haikatiki. Ninavyoona mimi, mzee aliyepungukiwa na meno ana matumaini zaidi kwenye nzumari kuliko kwenye tarumbeta.

Mwalimu pia alinisimulia habari za Chet Baker, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, aliyepigwa na watu mwaka wa 1966 akaharibikiwa meno. Ilimbidi avae ya bandia na kuanza kujifunza upya, mtu aliyekuwa ameshatia sauti yake kwenye sahani za santuri dunia nzima. Ilimchukua miaka. Na Louis Armstrong, yule aliyezuru Afrika mwaka wa 1960, alisukuma midomo yake mpaka ikapasuka na kuota makovu. Jina lake la utani, Satchmo, madaktari wamelipa ugonjwa wa kuchanika msuli wa mdomo. Hebu fikiria, kuacha jina lako kwenye kidonda!

Lakini lililonikaa kichwani zaidi halikutoka Marekani. Majirani zetu Waluo zamani walikuwa wakiwang'oa vijana meno sita ya mbele ya chini. Na ni Waluo hao hao walio na abu, ile baragumu ndefu ya kibuyu, na oporo ya pembe, na wazee wao walizipuliza zikasikika vilima na mabonde. Je, walizipulizaje bila ukuta wa chini? Nilimuuliza Mwalimu, naye akanirudishia swali. Nikakaa nalo. Nadhani jibu ni kwamba walijifunza kupuliza wakiwa na pengo tayari. Mdomo hujenga nyumba yake kwa mawe uliyopewa. Shida ya Baker, na ya Sokoro na mluzi wake, ni kwamba nyumba ilikuwa imesimama tayari, ndipo jiwe la pembeni likaondolewa.

Niliruhusiwa kupuliza tena Septemba, dakika tano kwa siku. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mbuzi. Jino halikuuma, maana halina tena cha kuumia, lakini mimi mwenyewe niliogopa, na hofu hiyo ikanifundisha alichokuwa akikipigia kelele Mwalimu: kuegemea pumzi badala ya mkono. Noti za juu nimezipata mbili tu mpaka sasa. Yule msichana anazo tano. Tunakaa naye kiti kwa kiti, na sasa ni mimi ninayemuuliza.

Mambo mengine yamebadilika pale bendini, na si kwa amri ya mtu. Hapo awali tulikuwa tukitoka kwenye chai na mandazi moja kwa moja mpaka kwenye tarumbeta, na wengine wakiwa bado wanatafuna muwa. Sukari inayobaki kwenye meno ndiyo chakula cha vijidudu, navyo huitapika tindikali inayotoboa jino. Inayobaki kwenye mate huingia mrijani. Tulipoifungua ile tarumbeta yangu kuiosha, yaliyotoka, aki ya nani, yalifanana na matope ya bonde la mto. Mwaka wa 2010 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu mpiga tromboni aliyekohoa kwa miaka, kikohozi kikaisha alipoanza kuisafisha ala yake. Siku hizi tunasukutua kwa maji kabla ya kupuliza, kila mtu ana kikombe chake chenye alama ya rangi, na mwenye kidonda cha homa mdomoni anapiga ngoma mpaka kipone. Mpiga ngoma wetu halisi hapendi, lakini tufanyeje?

Jino bado ni la kijivu. Katika picha ya bendi iliyo ukutani ofisini mtaliona, maana nilisahau kufumba mdomo. Soda sifungui, hata kwa kijiko.

Likizo iliyopita nilikwenda na tarumbeta nyumbani. Sokoro aliniomba aishike. Akaigeuza, akachungulia ndani, akauliza ng'ombe gani ana pembe ya namna hii. Nikakitoa kikombe, nikakiosha, nikamwonyesha jinsi ya kufumba midomo na kuibana kwenye pembe. Alipuliza, hewa. Akapuliza tena, hewa. Magokoro akaanza kucheka. Mara ya tatu akakihamisha kikombe kandokando ya mdomo, upande wa kushoto ambako bado ana chonge na jino jingine, akakaza shingo, ikatoka sauti moja fupi, nene, yenye mikwaruzo.

Kule bondeni ng'ombe mmoja aliinua kichwa.

"Tena," Sokoro akasema, akapangusa kikombe kwa shati lake.